Neno "Zote"

Haya niliambiwa na mwanangu wa tatu, mwaka wa pili tangu aache kazi yake ya upelelezi, siku tuliyokuwa tukichambua mchele yeye na mimi. Sikumwuliza. Alianza tu mwenyewe, macho kwenye ungo, na sauti haikupanda hata mara moja.

Kazini walimwita Sindano.

Saa nane mchana. Ukumbi wa hoteli, mashindano ya karata, kiyoyozi kinanguruma. Wachezaji sitini wameshatolewa. Wamebaki wawili.

Sindano.

Na Mfamasia.

Mwanamume huyo alinunua dawa zilizokwisha muda wake, akazibandika lebo mpya, akazivusha mpakani kwa lori. Aliyemchongea ni dereva wake mwenyewe. Dereva huyo ni mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa, na Sindano ndiye aliyemtia katika kazi ya kupeleka habari. Sasa dereva alikuwa amefungwa kamba ghalani kwa Mfamasia. Mfamasia akipiga simu, lori linaondoka na dereva anauawa.

Ila mchezaji hashiki simu mezani. Ni sheria. Samsung ya Mfamasia ilikuwa kwenye sinia la mwamuzi, hatua tatu kutoka kitini.

Mchezo ukiisha, ataichukua.

Kwa hiyo Sindano hakutumwa kushinda. Alitumwa kukaa.

Bastola yake, Beretta, aliiacha mlangoni pamoja na mkoba. Alibaki na kipokezi sikioni, kidogo kama punje, na kipaza sauti ndani ya bangili.

"Koleo hapa," sikio likasema. Koleo ndiye aliyeongoza vijana wa ghalani. "Tumefika ukutani. Mlinzi amekaa na shemeji yako, bunduki magotini. Bado."

Bado.

Mkubwa wao ofisini alikuwa ametoa amri moja: mkisikia Sindano anasema "zote", vunjeni mlango, iwe iwavyo. Maana mchezaji akisukuma sarafu zake zote, mchezo waweza kuisha papo hapo. Mkubwa aliona amepata neno zuri.

Mkubwa hajawahi kucheza karata maishani mwake.

Wakibaki wawili, kila mgao unaweka dau la lazima, hata karata zako zikiwa takataka, na dau hilo linapandishwa kila baada ya dakika kumi. Ukikaa kimya unaliwa kidogo kidogo, kama sabuni kwenye maji. Ndiyo maana ukibakiwa na sarafu za kutosha madau kumi tu, husubiri wafalme. Unasukuma zote ungali unaogopwa. Ukingoja ubakiwe na mawili, matatu, hata mwoga atakufuata.

Na katika meza ile, bila kutamka, sarafu hazihesabiwi.

Sindano alibakiwa na madau kumi.

Akapata kumi na jeki. Za kusukuma hizo.

Akatupa.

Madau manane. Akapata jozi ya tisa. Akatupa.

"Dada, unacheza karata au unazilea?" Mfamasia akacheka. "Zikikua zitakuoa?"

"Cheza, baba."

"Mimi nacheza. Wewe unachambua mboga."

Mgawaji karata akabana kicheko. Sindano hakusikia hasira. Hakusikia kitu. Alihesabu tu.

Madau sita. Mgawaji akagawa. Sindano akainua pembe za karata zake.

Wafalme wawili.

Mfamasia akasukuma mlima wake wa sarafu katikati ya meza.

"Zote!"

Sikioni, pumzi za Koleo zikabadilika. "Nimesikia zote. Tunaingia? Sindano, ni wewe?"

Mkubwa hakufikiri kwamba hata adui ana mdomo.

Mezani mtu haruhusiwi maneno ya pembeni. Sindano akainua bangili, kama anajikuna shavu.

"Zote umesema wewe, baba. Mimi sijasema."

"Nani kasema umesema?" Mfamasia akamtazama kama mtu aliyechoka akili. "Fuata au tupa."



"Sawa," Koleo akasema. "Si zako. Tumesimama. Mlinzi bado amekaa."

Wafalme wawili hushindwa mara chache. Lakini hushindwa.

Akawatupa.

"Madau matano, mama," mgawaji akasema kwa upole, kama anampa pole ya msiba.

Yakawa manne.

"Mlinzi ametoka kujisaidia," Koleo akanong'ona. "Bunduki kaiegemeza ndani. Sasa."

Sindano akatazama karata zake. Saba na mbili. Hakuna karata mbaya kuliko hizo.

"Zote."

"Tamka kwa sauti, mama," mgawaji akasema.

"Zote!"

Sikio likajaa mbao zinazovunjika.

"Nakufuata hata nikifumba macho," Mfamasia akasema.

Mgawaji akafunua karata tatu. Moja zaidi. Ya mwisho. Taratibu, kama anaanika nguo.

Mfamasia akala. Watu wakapiga makofi. Hakungoja kombe, alikwenda moja kwa moja kwenye sinia, akapiga simu.

Ikaita. Ikapokewa.

"Litoeni lori."

"Ghala limefungwa, mzee," Koleo akajibu. "Geuka nyuma."

Akageuka. Wanaume wawili wenye suti walikuwa wamesimama karibu mno, pingu tayari. Sindano aliwapita, akampa mgawaji mkono, akachukua mkoba wake, akatoka. Hakutazama nyuma. Hakuona sababu.

Ghalani, mkwe wangu alikuwa ameketi juu ya katoni, anasugua vifundo vya mikono. Mdomo umepasuka.

"Shemeji, umechelewa."

"Nilikuwa nacheza karata."

"Angalau umekula?"

"Nimeliwa."

Akacheka, akashika mbavu, kisha akalia. Sindano alimshikia bega, akamngoja amalize, kama mtu anayengoja maji yajae ndoo.

Akampeleka kwake na Suzuki ya ofisi. Binti yangu mkubwa alifungua mlango, akamtazama mumewe, akamtazama mdogo wake. Alimwosha uso mume, akamlaza, akalala kando yake na nguo zake za jikoni, wote wawili wakashikwa na usingizi jua likiwa kali.

Sindano alibaki kwenye kochi sebuleni. Hapo nikaacha mchele, nikamwuliza, ulijisikiaje mwanangu? Akasema alingoja ajisikie kitu. Aliketi akingoja, mikono mapajani, saa ya ukutani ikigonga, mpaka kichwa kikaangukia mto, akalala.