Mkoba wa Mama Kwenye Kituo cha Mafuta

Nina miaka ishirini na saba, sijaolewa, na chuo kikuu hapa Toronto nilisomea falsafa, somo ambalo shangazi zangu hadi leo hawajui ni la kazi gani. Nimezoea kuuliza. Namuuliza mchungaji, namuuliza daktari, nauliza hata tangazo la sabuni. Baba yangu alikuwa akiniita Profesa, na hakuwa ananisifu.

Wasomaji wenzangu, haya ninayoandika nayaona kama ndoto mbaya, ingawa nilikuwepo.

Baba aliendesha mashine ya kuinua mizigo kwenye ghala moja kule Downsview tangu nikiwa mtoto. Mama aliwahudumia wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Wote wawili walistaafu mwaka mmoja. Wenzao walikuwa wakijenga nyumbani Moshi, wao wakaunganisha akiba na kununua gari-nyumba... lile gari refu lenye kitanda, jiko na choo ndani. Lilikuwa la petroli, limeshatumika, lakini lilimeremeta! Mpango ulikuwa kuivuka Kanada hadi Vancouver kwa mama mdogo Rehema, mdogo wake Mama wa tumbo moja. Hawakuwa wameonana tangu bibi alipofariki.

Mama hakuota kitu kingine. Majira yote ya baridi alikaa dirishani kwetu Etobicoke, ghorofa ya kumi na moja, akifuma vitambaa. Vya viti, vya meza, hata kimoja kikubwa cha kufunika mfuniko wa injini, maana kwenye magari yale ya petroli injini hukaa mbele, katikati ya dereva na abiria, na hutoa joto na kelele.

"Mama Tuma, hili ni gari au sebule?" Baba alimtania.

"Ni sebule yenye magurudumu, baba Tuma. Vua viatu!"

Tukacheka. Walikuwa na furaha... au ni mimi niliyetaka kuiona?

Kitu kimoja tu kilinikera. Mama alikuwa na leseni, na aliwahi kuendesha kwenye theluji kwenda kazini alfajiri ambazo wengine walijifunika blanketi. Lakini Baba hakumruhusu kugusa usukani wa gari lile. "Hili si gari la kwendea sokoni," alisema. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "Profesa, panda basi uende kwako."

Siku ya kuondoka, mwezi wa sita, akina mama wa kanisani walikuja kuwaombea kwenye maegesho chini ya ghorofa letu. Maombi yakawa marefu. Mama alifumba macho na kulia kwa furaha. Mimi sikufumba, na ndiyo sababu nilimwona Baba ameshakaa kwenye usukani, injini inanguruma, anatazama barabara.

Alasiri ileile Mama akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejilazimisha kucheka.

"Tuma mwanangu, usishtuke. Baba yako amenisahau."

"Amekusahau vipi?!"

Walisimama kuweka mafuta kaskazini mwa mji wa Barrie. Mama akaenda msalani, akapitia kaunta kununua chai mbili kwa chenji zilizokuwa mfukoni mwa sweta. Alipotoka nje, gari halikuwepo. "Atakuwa amedhani nimelala kule nyuma," aliniambia. "Atageuza sasa hivi." Alikuwa ameshapiga simu ya Baba mara nyingi, haipokelewi.

Niliazima gari la rafiki nikamfuata. Nilimkuta kwenye benchi mbele ya kituo, mkoba mapajani, chai moja ameshakunywa na nyingine ina mfuniko, imepoa kama maji ya mtoni. Nilitaka kuimwaga, akanizuia. "Ni ya baba yako." Aliishika njia nzima mpaka Toronto!

Jioni Baba akapiga. Alikuwa anacheka. Eti ameendesha mwendo mrefu, akaita, "Mama Tuma, chai iko wapi?" kimya, akaita tena, kimya, ndipo akajua amebeba kitanda kitupu! Mama naye akacheka mpaka akajipangusa machozi kwa upindo wa khanga.

Nikamuuliza, "Baba, unarudi saa ngapi?"

"Kurudi ni petroli nyingi, Profesa. Gari hili linakunywa. Nimeshalipia kambi ya kulala huku mbele. Wiki ijayo nitamfuata."

Kanisani kichekesho kikaenea. "Mama Tuma, mzee wako kakusahau kama miwani!" Mama alikuwa wa kwanza kucheka.

Mimi sikucheka. Mama hajawahi kwenda msalani na mkoba, na ule mkoba niliuona nilipomsaidia kutoa vitu. Ndani kulikuwa na dawa zake zote za presha, Biblia, ndala, na waya wa kuchajia simu. Jamani, nani anakwenda chooni na chaja? Waya ule niliuchomeka mwenyewe asubuhi, kando ya kitanda cha gari-nyumba!

Nilimuuliza. Akanikata jicho. "Maswali yako hayo ndiyo yatakayokukosesha mume."

Wiki ijayo haikufika. Baba alipiga kila Jumapili... yuko Manitoba, yuko milimani, gari linachemsha, anasubiri fundi. Mama aliacha sanduku mlangoni limefungwa tayari.

Nilidhani kuna mwanamke. Ni nani asingedhani hivyo? Niliwapigia watu wa mbali ninaowajua, nikachungulia picha zake mtandaoni, nikatega masikio nyuma ya sauti yake kwenye simu. Sikupata mwanamke yeyote. Ningempata, angalau ningekuwa na mtu wa kumchukia.

Kisha akafika Vancouver. Akaenda kwa mama mdogo Rehema, akala pilau lake, akamwambia dada yako amechoka safari, ameona bora abaki kwake apumzike. Mama mdogo, ambaye Mama hakuwa amemwambia lolote, akapiga simu kwa uchungu.

"Dada, hata kuja kuniona umechoka? Mimi?"

Nilikuwa nimekaa karibu na Mama. Nilimsikia Mama akijibu polepole, "Nisamehe, mdogo wangu. Magoti haya." Upande wa pili simu ikakatwa. Hawakuongea tena.

Majani yalipoanza kudondoka, Mama alipatwa na kiharusi. Hospitali alinishika mkono kwa ule mkono wake mmoja uliobaki na nguvu, na bila mimi kuuliza chochote akaniambia. Alipotoka msalani, dada wa kaunta alimpa mkoba. Alimwambia, "Mumeo amesema umebadili mawazo, huendi tena."

"Nikaona aibu, Tuma," alisema kwa shida. "Watu walikuwa kwenye foleni. Nikamjibu ni kweli, nimebadili mawazo. Ndipo nikanunua chai mbili... nikasema labda akinifikiria atarudi." Akanivuta karibu. "Waambie watu alisahau. Unasikia?" Nikamwahidi.

Alifariki siku ya tatu.

Baba alikuja msibani na gari-nyumba lake, akaliegesha palepale walipoombewa. Alilia kuliko wote! Watu wakampisha kiti. Mama mdogo Rehema alikuwa amekuja kwa ndege, amekaa pembeni, macho makavu, bado ana kinyongo na marehemu.

Viti vikapungua. Nikachukua ufunguo nikashuka kuleta vile vya kukunja vilivyokuwa garini. Wasomaji, laiti nisingeingia! Mto mmoja. Kikombe kimoja. Kiti cha abiria alikuwa amekiondoa, mahali pake pamesimama fimbo za kuvulia samaki. Vitambaa vya Mama vilikuwa vimesokotwa kwenye kopo chini ya sinki, vyeusi. Alikuwa akipangusia oili.

Nilipanda juu nikamkuta Baba anasimulia. "...naita, mama Tuma, chai iko wapi? Kimya!" Watu walikuwa wanacheka huku wanalia, kama msibani kunavyokuwa. Nikaingia chumbani, nikatoka na mkoba, nikauweka mapajani mwake.

"Baba, huu mkoba ulishukaje garini?"

"Mkoba gani tena, Profesa? Leo ni msiba wa mama yako."

Nikatoa waya wa simu, nikatoa ndala, nikatoa vichupa vya dawa kimoja kimoja. Kicheko kikafa.

"Nani alimwambia dada wa kaunta kwamba Mama amebadili mawazo?"

Baba aliwatazama watu, akakuta wote wanamngoja. Akainua kichupa kimoja kama mtu anayeonyesha ushahidi wa kumtetea.

"Si nilimwachia dawa zake? Zote! Ningekuwa mtu mbaya ningeondoka nazo."

"Shemeji," mama mdogo akasema, "uliniambia amechoka."

"Mimi ndiye niliyechoka! Miaka yote hiyo ghalani kelele, nyumbani maneno. Nilitaka kuendesha kimya. Ni dhambi?"

Mama mdogo alisimama, akatembea mpaka kwenye picha ya Mama, na hapo ndipo kilio chake kilipotoka. "Dada! Nilikununia, dada! Nilikununia mpaka umekufa!"

Baba yuko barabarani tena. Bado anapiga Jumapili, na bado sipokei. Mama mdogo aliondoka na kitambaa kimoja. Amekifua mara nyingi, anasema oili haitoki.

Nimevunja neno nililompa mama yangu, na nitaishi nalo. Lakini nawaomba, nyinyi mlioolewa, mliooa, mnaojiandaa kustaafu na mtu: msipande gari ambalo usukani wake mmekatazwa kuugusa. Na siku ukikuta vitu vyako vimewekwa nje, usimfichie mtu aibu ambayo si yako. Usinunue chai ya pili. Ukishushwa, sema nimeshushwa!