Ngazi Kumi na Mbili

Saa nne na nusu asubuhi. Chumba cha nyuma cha duka la mbegu, Same mjini.

Kiti kilikuwa kimoja, Aminieli akakikalia. Ernesta na kaka yake Eliufoo walisimama kama washtakiwa.

"Dalali wa vito anashuka kula saa sita," alisema Aminieli. "Juu anabaki karani, Faraja. Tunapanda, tunabeba mkoba wa mawe, tunashuka. Nyuso zifunikwe. Midomo ifungwe. Atakayetoa neno namwacha hukohuko."

"Sawa, mwenyekiti," alisema Eliufoo.

Ernesta alilirudia neno hilo kichwani. Mwenyekiti. Kamati za harusi kutoka Bendera hadi Suji zilimwita Aminieli hivyo, naye akaamini amezaliwa na cheo. Mtu aliyezoea kuongoza masufuria ya pilau.

Saa sita na dakika tano.

Walipanda hadi ofisi ya dalali, ghorofani kando ya stendi. Eliufoo alitoa panga, Faraja akalala kifudifudi bila ubishi. Ernesta alisimama dirishani, funguo za pikipiki mfukoni. Aminieli alikwishashika mkoba.

Ndipo yule binti, uso sakafuni, akasema taratibu, "Shikamoo, mzee."

"Marahabaa, mwanangu."

Aliivuta vilevile anavyoivuta kwenye kipaza sauti cha harusini. Faraja akainua kichwa kidogo.

"Kumbe mzee Aminieli. Ulisimamia harusi ya dada."

Ernesta nusura acheke. Mdomo ambao hata bunduki isingeufungua, heshima imeufungua.

"Mmalize," Aminieli alimwambia Eliufoo.

"Kisa shikamoo?"

"Nimesema mmalize."

"Mmalize mwenyewe. Aliyeropoka ni wewe."

Aminieli akatoka na mkoba. Akavuta geti la chuma la juu ya ngazi, akalipiga kufuli kwa nje na kuchukua ufunguo wake, akawaacha ndani wote.

Saa sita na dakika tisa.

Chini, aliipapasa pikipiki, kisha akatazama juu. "Ernesta, nirushie funguo."

"Panda utufungulie. Nakukabidhi mkononi."

"Tupa, mjinga wewe. Nikipona mimi, kundi limepona."

Watu wa stendi walishaanza kusogea. Ngazi kumi na mbili tu, na wote watatu wangeondoka. Aminieli aliziangalia. Akauangalia mkoba. Akatimua mbio, kitambi mbele, viatu vyake vya sherehe vikiteleza kwenye kokoto. Vijana wa bodaboda walimdaka kabla hajafika kona.

Eliufoo aliweka panga mezani. "Kashindwa hata kupanda."

"Huyo?" Ernesta alisema. "Angepanda kama juu kungekuwa na meza kuu."

Viatu vizito vikaanza kupanda ngazi. Havikuwa vya Aminieli.