Karatasi Isiyofika kwa Shangazi Norma

Kila jioni baada ya chakula Maren Tolman alifuta meza ya jikoni, akaikausha kwa kitambaa, kisha baba yake akatandaza ramani. Ndivyo ilivyokuwa tangu theluji ilipoanza kuyeyuka kwenye vilima nyuma ya mji wa Price, ukingoni mwa jangwa. Baba, ambaye kutwa alikuwa fundi katika kituo cha kufua umeme, aliweka kikombe kwenye kona ya ramani ili isijikunje. Mama alivuta kiti na daftari lake. Bibi LaRue, mama yake baba, aliinamia ramani mpaka pua ikakaribia kuigusa.

Bibi alikuwa anapoteza macho. Daktari alikuwa amewaambia kwamba majira ya majani kupukutika yakifika, huenda asiweze kutambua zaidi ya mwanga na giza. Bibi hakulia. Alisema tu kwamba kabla ya hapo angependa kuliona tena korongo ambamo baba yake alichunga kondoo, lenye kuta nyekundu ambazo jua likishuka huwaka kama makaa.

Njia ya kwenda huko haikuwa barabara. Ilikuwa maili arobaini za mchanga, miamba na mikondo mikavu ya maji, kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kwa hiyo walijipanga. Mama aliandika: madumu sita ya maji, tairi mbili za akiba, koleo, kamba ya kuvutia gari, mbao za kutia chini ya magurudumu, maharage ya kopo, jibini, nyama kavu. Maren alipewa penseli atie alama mahali pa kulala. Alipomaliza miaka kumi na miwili mwezi wa tano, njia yote ilikuwa kichwani mwake.

"Jangwani hakuna jirani wa kumpigia hodi," baba aliwaambia, "na simu haishiki. Kinga yetu ni mtu aliyebaki nyumbani anayejua tulipo."

Ndiyo maana kitu cha mwisho kabisa kilikuwa karatasi. Baba aliandika njia watakayopita, na kwamba watarudi Jumapili jioni. Kama hadi Jumatatu saa mbili asubuhi hawajapiga simu, waokoaji waitwe. Karatasi hiyo ilikuwa ya Shangazi Norma, dada yake baba, aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwao. Alhamisi alasiri, siku moja kabla ya safari, Maren alitumwa aipeleke.

Shangazi Norma alikuwa na binti aliyeitwa Kelsie, na Maren na Kelsie walikuwa hawasemezani. Siku ya kufunga shule Kelsie alikuwa amemwambia mbele ya darasa zima, "Wenzako wanakwenda baharini, wewe unakwenda kuhesabu mawe na bibi kipofu." Darasa lilicheka. Lililomchoma Maren si mawe, bali neno lile la mwisho.

Alipofika kwenye uzio alimwona Kelsie ameketi na wasichana wawili kwenye ngazi za mlango. Mmoja wao akasema, si kwa sauti kubwa, "Haya, mtalii wa mawe kaja." Maren akageuka kama aliyesahau kitu nyumbani, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni mwa jaketi lake.

Mama alikuwa anafunga vyombo. Alimuuliza bila kuinua kichwa kama amempa shangazi karatasi.

"Nimempa," Maren alisema.

Neno lilitoka lenyewe. Akajiambia ataipeleka kesho asubuhi kabla watu hawajaamka. Lakini asubuhi baba ndiye aliyemwamsha, na gari lilikuwa tayari linanguruma.

Walipofika mwisho wa lami, mama alitazama simu yake, akasema mtandao umebaki kidogo sana, kama kuna mtu wa kuagwa aagwe sasa. Maren aliishika karatasi mfukoni. Simu moja ingetosha. Angesema tu, "Mama, sikumpa," agombezwe kidogo, na mambo yaishe. Akaiachia karatasi, akafunga zipu ya mfuko. Gari likateremka mchangani, na mtandao ukakatika.

Ijumaa alasiri walikuwa wamekwenda maili ishirini na tisa. Bibi alikuwa mchangamfu kuliko alivyokuwa mwaka mzima, akiwasimulia jinsi kondoo walivyokuwa wakimtambua baba yake kwa kikohozi chake. Walipokuwa wakivuka mkondo mkavu, mchanga ulizama ghafla upande wa kushoto, gari likalala juu ya jiwe, na wote wakasikia kitu kikivunjika chini yao. Baba aliingia uvunguni. Alipotoka mikono yake ilikuwa imejaa oili. Ekseli ya mbele ilikuwa imekatika na giaboksi imepasuka; gari halingesogea tena. Madumu mawili ya maji nayo yalikuwa yamepondwa, na mchanga ulikuwa umeshayanywa maji yote.

Baba hakubabaika. Alitandika turubai kivulini, akawaeleza kwamba kosa linaloua watu jangwani ni kuliacha gari na kuanza kutembea. "Tutatulia hapa," alisema. "Jumatatu asubuhi Norma ataona hatujapiga simu, na saa sita mchana watakuwa wameshafika. Maji tutayapima, yatafika Jumatatu jioni."

Mama akatikisa kichwa kukubali. Bibi akasema, "Afadhali tumeacha karatasi." Maren alitia mkono mfukoni, akaifumbata karatasi.

Usiku ule alisema moyoni mara mia kwamba atawaambia, na asubuhi hakusema. Kila saa iliyopita iliufanya ukweli kuwa mgumu zaidi. Aliwatazama wakiwa wametulia, baba akichonga kijiti, mama akigawa maji kwa kikombe kidogo cha bati, na akajua kwamba utulivu wao wote unatokana na neno lake moja la uongo. Jumatatu ingefika na isilete mtu. Jumanne ingefika pia.

Jumamosi mchana, bibi alipopewa kikombe chake, alikunywa nusu, kisha akapapasa mpaka akaupata mkono wa Maren. Akamwekea kikombe kiganjani. "Kunywa, mjukuu wangu. Wewe bado unakua."

Maren alikirudisha haraka mkononi mwa bibi. Maji yalimwagika kidogo kwenye goti lake. Akaitoa karatasi mfukoni, imekunjamana na kulowa jasho, akaiweka juu ya turubai mbele ya baba yake.

"Sikumpa shangazi," alisema. "Hakuna anayejua njia tuliyopita wala siku ya kurudi."

Baba aliinyoosha karatasi gotini kana kwamba angesoma kitu kipya. Mama alifunika uso kwa mikono. Maren alisubiri kupigiwa kelele, hata alitamani iwe hivyo, lakini baba alimuuliza jambo moja tu, kama alimwambia mtu mwingine yeyote njia hiyo, hata kwa kupita. Hakumwambia mtu. Baba akainuka, akaanza kuhesabu upya maji.

Hesabu haikuwa nzuri. Kulikuwa na tangi la kunyweshea ng'ombe maili kumi na tisa nyuma walikotoka, na baba alikumbuka kuona nyayo mpya za farasi karibu yake, ishara kwamba wafugaji hufika pale. Alisema ataondoka jua likianza kushuka, atembee usiku kukiwa na ubaridi, akiwa na chupa mbili. Mama alimsihi asiende. Alimkumbusha kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema kutembea jangwani kunaua. Baba akajibu kwamba jana hilo lilikuwa kweli, ila leo kukaa ndiko kunaua. Akawabusu mama na bibi. Kisha akamwekea Maren mkono begani kwa muda mfupi, bila kumtazama, akaondoka. Walimtazama akizidi kuwa mdogo, mpaka mwamba ukamficha.

Jumapili ilikuwa siku ndefu kuliko zote alizowahi kuishi Maren. Bibi alianza kuona kizunguzungu, akawa anamwita baba yake aliyekufa zamani, akimwambia afunge zizi. Mama alimpepea kwa jalada la daftari lile lile la mipango, na hakumsemesha Maren ila kumwagiza. Maren alikaa pembeni ya kivuli. Akawaza kwamba baba huenda amelala mahali fulani juani, na kwamba hata wakipona, hakutakuwa na siku ambayo yeye hatakuwa mtoto aliyefanya hivi. Majuto hayakumsaidia chochote, hayakuongeza hata tone la maji.

Saa tisa alasiri walisikia injini. Ilikuwa pikapu kuukuu ya mfugaji mmoja, mwanamke mnene aitwaye Ardith, ambaye alikuwa amekwenda kukagua tangi akamkuta baba ameketi kando yake, viatu vimevuliwa, miguu imechubuka mpaka damu, akampakia. Ardith hakuuliza maswali. Aliwapa maji kidogo kidogo, akamlaza bibi kiti cha mbele.

Gari lao lilibaki kule. Korongo lilikuwa maili kumi na moja mbele yao, na hawakulifikia.

Siku ya pili baada ya kurudi, baba alimchukua Maren hadi kwa Shangazi Norma, akamwacha aseme mwenyewe, Kelsie akisikia. Shangazi akakaa chini. Alisema alijua wamesafiri, lakini alidhani wangerudi wiki iliyofuata, na asingeanza kuwatafuta kabla ya hapo.

Macho ya bibi hayakungoja majani yapukutike. Mwezi wa nane alikuwa ameshaanza kupapasa kuta. Alasiri moja Maren alimkuta ameketi barazani, akapiga magoti na kumwomba radhi kwa ajili ya korongo.

"Sitasema haijaniuma," bibi alisema. "Nililitaka sana. Lakini sikiliza. Baba yako alisema tairi ni nzima, tukamwamini. Mama yako alisema chakula kimetimia, tukamwamini. Wewe ukasema umempa, tukakuamini. Hatukuingia jangwani kwa gari, Maren, tuliingia kwa kuaminiana. Ukisema ndiyo isiyo kweli, kuna mtu ataweka uzito wake wote juu yake. Na ukishakosea, sema mapema, wakati kosa bado linatengenezeka kwa simu moja. Ulisema ukiwa umechelewa, na baba yako akalipa kwa miguu yake. Usingesema kabisa, tungelipa sote."

Maren alilia. Bibi hakumkataza. Alipotulia, bibi alitoa mfukoni chupa mbili za dawa zilizofanana, akamnyooshea.

"Moja ni ya asubuhi, moja ni ya kulala, na nikikosea nitaumia. Mimi siwezi tena kuzisoma. Nisomee wewe."

Maren aliisoma karatasi ya chupa ya kwanza, akaisoma tena, akaisoma mara ya tatu, ndipo akamjibu.