Kitambaa Kilichofuta Mvua

Jua lilikuwa linawaka na hapakuwa na wingu hata la dawa, lakini paa lilijifunga lenyewe kwa sababu ya mvua.

Fundi alikuwa chini akila. Akasikia mota ikiguna, paa la bati likateleza juu ya reli zake na kuifunika darubini kubwa, na kwenye kompyuta likatokea neno moja: mvua.

“Mvua ya nani?” dada yake akamcheka. “Fundi uchwara wewe! Mashine yako inaota mchana.”

Dada huyo ndiye aliyekuwa mtazama nyota wa kituo kile, juu ya mlima usio na jirani. Alilazimika kulala hukohuko ili hali ya hewa ikichafuka alifunge paa kwa mkono, huku mwanawe mdogo akilelewa na mama yao mjini. Mtoto alikwisha kuanza kumwita bibi yake mama. Ndiyo maana fundi, mdogo wake, alikuja: paa likiweza kujifunga lenyewe, dada ataiendesha darubini kwa kompyuta akiwa mjini, na atarudi kulala na mwanawe. Alimwahidi kuimaliza kazi kabla ya wiki kwisha.

Akapanda ngazi. Kibao cha kuhisi mvua, kisichozidi kiganja cha mkono, kilikuwa chapachapa, ila si kwa maji. Ulikuwa ute wa manjano, unaovutika kama gundi, na ndani yake vimeelea vijinyama vyeupe. Ulinuka kama jino lililooza. Akashuka, akanyakua kitambaa cha kwanza alichokiona, kikining'inia kwenye kiti cha dada yake, akarudi kufuta.

Kilikuwa kitambaa cha mtoto cha kufutia maziwa. Dada alikuwa hakifui makusudi, ili harufu ya mwanawe isipotee. Fundi alipotanabahi, akaiosha pembe iliyochafuka, akakirudisha mahali pake, akanyamaza. Aibu ni mbaya. Humfanya mtu amfiche hata ndugu yake wa tumbo moja.

Kesho yake ute ukarudi. Akaufuta kwa karatasi, ukarudi tena, na paa likashinda likijifunga chini ya anga safi.

Sasa, kazi ile ina sheria yake. Kuna kidude cha upepo, cha unyevu na cha mvua, na kimoja tu kikisema funga, paa hufunga. Hakuna mjadala. Fundi, kwa haraka ya kutimiza ahadi, akaibadilisha sheria: vipige kura. Cha mvua kikisema funga na wenzake wakakataa, paa libaki wazi.

“Tayari?” dada akauliza.

“Tayari. Kafunge mizigo, mama mtoto.”

Jua likazama. Kompyuta ikaandika mvua, na paa, kwa mara ya kwanza, halikusogea.

Dada alikuwa ameinama kwenye darubini aliposikia tone likidondoka nyuma yake, zito, kama mtu aliyetema kohozi, kisha la pili, na kabla hajageuka ile harufu ya jino bovu ikamjaa mdomoni hata akaionja, na hapo juu, mahali palipokuwa na nyota, akaona giza limekaa ukingoni mwa paa likipumua, likashusha kitu kipana, laini, chenye vinundu, kikaukokota ute wake juu ya kioo cha darubini, taratibu, kama mtoto anavyolamba sahani, kisha kikageuka na kuanza kumnusa yeye.

Akapiga kelele. Fundi akaingia, akamburuta nje kwa kwapa, wote wawili wakitapika.

Asubuhi aliletwa ustadhi wa bondeni, mtu anayetibu kwa kisomo. Akasimama mlangoni, kanzu imeziba pua.

“Hiki hakivunji mlango,” akanong'ona. “Siku zote kilikuwa nje kinalambalamba. Nani alikiachia wazi?”

Fundi akainamisha kichwa. “Mimi, ustadhi. Nilibadilisha sheria ya paa.”

“Kuna jingine? Sema sasa. Maana kikishapewa kuonja jasho au mate ya mtu, hakifukuziki. Huhama tu, kikamfuata mwenye jasho au mate hayo.”

Fundi akamtazama dada yake. Alikuwa ameketi juu ya begi, kitambaa cha mwanawe begani, ananusa pembe yake na kutabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana.

“Hakuna,” akasema.

Ustadhi akasoma hadi sauti ikamkauka. Bati likagongwa mara moja, kwa nguvu, kisha upepo safi ukapita. Ute ukakauka, ukabanduka kama magamba. Fundi akairudisha sheria ya zamani, akadondosha maji kwenye kibao, paa likajifunga. Dada akamkumbatia, akapanda gari na ustadhi, wakashuka.

Siku iliyofuata simu ikalia wakati fundi anasugua kioo.

“Umelalaje, dada?”

“Na mwanangu, alhamdulillahi. Ameninyonya, akaning'ang'ania shingoni.” Kisha akashusha sauti. “Lakini shavu lake limelowa. Nafuta, linalowa. Nafuta, linalowa. Si udenda, mdogo wangu. Ni ute wenye vijinyama.”

Fundi akaacha kusugua.

“Unafuta kwa kitu gani, dada?”

“Kwa kitambaa chake.”