Kiapo cha Marehemu Verla

"Kitabu kimechanika."

Sauti kwenye simu ilisema maneno hayo mawili, ikakata.

Lorna Stavang aliacha mayai kwenye sahani, akavaa koti, akatoa bastola yake, Glock 19, kwenye kabati la vikombe. Katika kazi yake maneno hayo yalikuwa na maana moja tu: kumbukumbu ya serikali imeghushiwa, na mtu amekufa. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, theluji imefika magotini.

Watu wengi wa jimbo hili hawajui kwamba ofisi ya Katibu wa Jimbo ina majasusi. Wanachojua ni kwamba ofisi ile inaandikisha kampuni, inaapisha makamishna wa viapo, inatunza muhuri mkuu na kuidhinisha kura. Kazi za kuchosha, za watu wenye miwani. Na waendelee kudhani hivyo hivyo, sisi hatuna neno.

Prudence Okerlund, Katibu wa Jimbo mwenyewe, alikuwa akimsubiri kwenye masijala ya chini. Hakuwa amevua hata kofia. Alimpa karatasi iliyofunikwa kwa plastiki.

"Soma."

Lorna alisoma. Ilikuwa hati ya kiapo. Verla Haugdahl, karani mkuu wa Kaunti ya Brandvold, anaapa kwamba kwa uzembe wake alihesabu mara mbili kura mia tatu za kata mbili, na anaomba ziondolewe. Sahihi ipo. Muhuri upo.

"Verla? Mimi siamini kama ameandika hii. Yuko wapi nimuulize?"

"Amekufa, Lorna. Mumewe amemkuta alfajiri ndani ya gari, gereji imefungwa, injini inanguruma. Hati ilikuwa mapajani mwake. Sherifu wa kaunti ameileta hapa kabla maiti haijapoa."

Lorna alishika ukingo wa meza. Verla ndiye aliyemfundisha kazi, miaka ishirini iliyopita. Alimpenda kuliko shangazi zake wote wa damu.

"Bi. Amundrud alishinda kiti cha Bunge la taifa kwa kura mia mbili na kumi na mbili," Okerlund aliendelea, sauti kavu. "Mpunguzie hizi mia tatu, mbunge ni Craig Lindgaard. Na Lindgaard anaitaka kamati ya siri za ulinzi."

"Wale majasusi wa ng'ambo."

"Walewale. Tangu kiangazi tunalinda kompyuta za kura dhidi yao, mchana na usiku."

"Kumbe wao wamekuja kwa karatasi."

"Kura zenyewe zimeloweshwa na bomba lililopasuka jana. Limepasuka lenyewe, eti. Zilizobaki ni daftari mbili za kata zile, ambamo kila mpiga kura alitia sahihi. Sahihi hizo zikihesabiwa, uongo unakufa pale pale. Lakini sefu ya Verla iko tupu."

"Wamezichoma."

"Ungezichoma wewe? Mtu ameingia bungeni kwa uongo, na ushahidi unao wewe. Huyo si mbunge tena, ni mbwa wako wa kamba. Hawachomi. Wanazivusha mpaka."

"Muda?"

"Bodi ya kura inakaa saa nane. Sheria inafunga mlango saa tisa kamili. Baada ya hapo nabandika muhuri kwenye kilichopo mezani, nipende nisipende." Okerlund alivua kofia, akaitazama. "Orrin, mumewe, amenipigia mara mbili. Haulizi habari za kura. Anauliza alimkosea nini mkewe."

Lorna aliinama tena juu ya hati, mstari kwa mstari, kama alivyofundishwa. Akasimama kwenye mstari wa kwanza kabisa.

"Hii haikuandikwa na Verla."

"Hisia hazinisaidii."

"Si hisia. Tazama."

Hati zote za viapo huku kwetu huanza namna moja: jina la jimbo, jina la kaunti, na pembeni herufi mbili ndogo, *ss*. Ni Kilatini cha mahakamani, maana yake "yaani". Hapajazwi kitu. Lakini kwa Kiingereza namba ya hifadhi ya jamii, ile ya tarakimu tisa ya kila raia, nayo huanza kwa herufi hizo hizo, basi kila kamishna mchanga akiona *ss* anadhani anaulizwa namba. Lorna mwenyewe alikosea hivyo wiki yake ya kwanza. Verla alimrudishia karatasi akamwambia, ukijaza hapo tena, binti, nitakulisha hii na chumvi.

Kwenye kiapo cha Verla, mbele ya *ss*, palikuwa na tarakimu tisa.

"Ni namba yake mwenyewe," Okerlund alinong'ona.

"Wameitoa kwenye pochi yake. Nani kamishna aliyeshuhudia?"

"Gordon Pell."

"Tibbetts!"

"Usinipigie kelele, mimi si kiziwi, ni mzee tu." Amos Tibbetts alitokea nyuma ya rafu akiburuta viatu. Alikuwa na miaka arobaini kwenye rejista ya makamishna, na kompyuta hakuigusa hata siku moja. Alivuta droo, akapapasa kadi. "Pell, Gordon. Tulimwapisha Juni. Anwani yake ni kiwanda cha siagi cha zamani, Sable Creek. Ahaa."

"Ahaa nini, mzee?"

"Mwezi huo huo nimeandikisha kampuni saba kwenye anwani hiyo. Za mbegu, za asali, moja ya kufuga minki, wale wanyama wa manyoya ya makoti. Nikasema moyoni, minki gani hawa wanaoishi kiwanda cha siagi?"

"Ukamwambia nani?"

"Nani aliniuliza?"

Lorna alikuwa ameshafika mlangoni.

*

Pikapu yake, Ford F-150, ilikula barabara kuelekea kaskazini. Matairi ya theluji yalivuma. Mashamba yalikuwa meupe pande zote, hakuna mti wa kujificha hata panya.

Redio ya Motorola ikakohoa.

"Kunguru, uko wapi?"

"Maili kumi na mbili kusini mwa Sable Creek."

"Polisi wa jimbo wako dakika hamsini nyuma yako. Wasubiri."

"Sherifu wa huku je?"

"Aliandika 'amejiua' dakika ishirini baada ya kufika. Huyo usimwambie hata salamu."

"Saa ngapi sasa?"

"Tano na nusu."

"Basi sisubiri mtu."

"Nilijua," Okerlund alisema, akazima.

Aliacha pikapu nyuma ya ghala la nafaka, akatembea. Nje ya kiwanda pikipiki ya theluji aina ya Arctic Cat ilikuwa inaunguruma polepole, inapashwa moto. Mpaka wa Kanada ulikuwa maili thelathini kutoka hapo. Lorna alibandika kidude chembamba kama sarafu kwenye ukuta wa mabati, akaweka kipokea sauti sikioni.

Sauti mbili.

"...na mimi? Mlisema nitaondoka nanyi." Huyo alikuwa mtu wa hapa, anavuta maneno kama sisi.

"Wewe bado una kazi, Gordon. Lindgaard akiapishwa atataka kujifanya mtu huru. Tutamwonyesha ukurasa mmoja tu wa daftari hizi." Huyo wa pili alizungumza kwa upole, kila neno limepigwa pasi.

Lorna akapiga mlango teke.

"Mikono juu. Wote."

Pell aliinua yake haraka. Alikuwa mnene, mwenye sweta lenye picha ya kulungu, mashavu mekundu. Mwenzake, mwenye koti la kijivu na mikwaruzo mibichi ya kucha usoni, alibaki na begi la turubai begani na mkono mmoja mfukoni.

"Gordon," Lorna alisema, bila kumwondolea macho yule wa koti. "Mbele ya *ss* uliandika nini?"

"Eh? Namba yake. Si pameandikwa *ss*?"

"Ni Kilatini, Gordon. Maana yake 'yaani'. Verla asingeandika kitu hapo hata kwa kutishiwa bastola. Na jina lako liko chini yake, na anwani hii iko kwenye rejista yetu. Umetuchorea ramani mwenyewe."

Mtu wa koti la kijivu alimgeukia Pell taratibu. "Niliambiwa wewe ni mwenyeji."

"Kila mtu hapa hujaza pale," Pell alisema kwa unyonge.

Na kwa kweli, hakudanganya.

Risasi ilitoboa mfuko wa koti la kijivu, ikamwingia Pell kifuani. Ya pili ilimchana Lorna mkono wa kushoto. Alijibu kwa risasi tatu, akavunja taa na dirisha, na moshi ulipotulia mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Arctic Cat ilikuwa inalia.

Lorna alimpita Pell sakafuni. Alimtazama mara moja tu. Macho yalikuwa yameshafika mwisho wa safari.

Pikapu iliruka mtaro, ikaingia shambani, theluji ikapaa juu ya boneti. Mbele, mtu wa koti la kijivu alikuwa amelala juu ya usukani, begi mgongoni, anakwenda maili sitini kwa saa. Aliuona uwanda mweupe mtupu, akajua hapo F-150 haimfikii. Mbele yake lilikuwa shamba la ng'ombe.

Sisi wa huku tunajua. Theluji ikianguka kwa upepo, inafunika uzio wa ng'ombe, unabaki waya mmoja wa juu, na machoni hauonekani. Watoto wanafundishwa kabla ya kufundishwa kusoma: shamba usilolijua, lipite kwa mguu.

Lorna alijua. Angeweza kupiga honi. Angeweza kuwasha taa za hatari. Alimkumbuka Verla ndani ya gari lililofungwa, mkono ukabaki pale pale kwenye gia. Alimchukia mtu yule, na hakujisingizia vinginevyo.

Waya ulimpata shingoni; pikipiki iliendelea peke yake hatua mia moja hivi, kisha ikazima.

Aliteremka, akakata mikanda ya begi kwa kisu. Hakutaka kuangalia zaidi ya lazima. Daftari mbili, majalada ya kijani, muhuri wa Kaunti ya Brandvold. Alizifungua kuhakikisha. Sahihi zilikuwa safu kwa safu, nyingine zimenyooka, nyingine zinatetemeka kwa uzee.

"Kunguru kwa mwenye nyumba."

"Sema."

"Kitabu kimepatikana. Wawili hawapo tena. Sherifu mkamateni."

"Yuko hapa koridoni anakunywa kahawa yangu," Okerlund alisema. "Anamaliza kikombe cha mwisho."

*

Lorna aliingia ukumbi wa bodi saa tisa kasoro dakika nne, damu imeganda kwenye mkono wa koti. Wakili wa Lindgaard alisimama kupinga. Okerlund alimwambia akae, akakaa. Makarani wawili walikuwa wameshakokotoa hesabu ya kura za kata zile. Walihesabu sahihi kwa kidole, kila mmoja daftari lake.

Wapiga kura mia sita na kumi na mmoja. Kura mia sita na kumi na moja.

Hapakuwa na hata moja iliyohesabiwa mara mbili. Hati ya kiapo ikapigwa muhuri wa ughushi, na mkono wa chuma wa muhuri mkuu ukashuka juu ya ushindi wa Bi. Amundrud. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza sekunde arobaini.

"Nenda hospitali," Okerlund alimwambia.

"Nina pa kwenda kwanza."

Orrin Haugdahl alikuwa jikoni kwake, amesimama. Wanawake wa kanisa walikuwa wamejaza meza vyakula vilivyofunikwa kwa karatasi ya alumini. Hakuna kilichofunguliwa.

"Kama ni mambo ya kura, Lorna, mimi sijui lolote."

"Si kura. Orrin, Verla hakujiua. Wameuawa wawili leo, na ndio waliomuua yeye. Ile karatasi hakuiandika."

Mzee alisogea hatua moja karibu.

"Alipigana?"

"Alipigana. Nimeuona uso wa aliyemshika."

"Tangu alfajiri natafuta neno nililomwambia jana," Orrin alisema. "Nilisema supu haina chumvi. Nikadhani labda ni hilo."

"Si hilo. Hukumkosea kitu."

"Basi hakuniacha."

"Hakukuacha, Orrin."

Orrin alivuta kiti, akaketi, akafunua chakula cha kwanza kilichokuwa karibu. Alianza kula kwa kijiko kikubwa, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na hakuyafuta.

Lorna alirudishia mlango taratibu. Alipangusa theluji kwenye kioo cha pikapu kwa mkono mzima, akawasha gari, akaondoka.