Ukurasa wa Pili wa Mkataba wa Noah

Kila siku saa kumi na moja jioni, meza ya akina Najat kule Sekei iligeuka darasa la watu wawili. Upande mmoja alikaa Najat, mwanafunzi wa darasa la saba, kalamu yake ikikimbia juu ya daftari kana kwamba inafukuzwa. Upande wa pili alikaa mama yake, Bi Twahira, aliyekuwa mwaka wa pili katika darasa la watu wazima. Yeye alisoma kwa kidole. Kidole kilisimama chini ya kila neno, kikangoja mdomo ulitamke, ndipo kikahamia kwa neno jirani.

"Mama, unasoma hadi jina la kiwanda kilichotengeneza daftari!" Najat alimcheka.

"Kwani halikuandikwa lisomwe?" Mama alijibu bila kuinua macho.

Shuleni Najat alisifiwa kwa kusoma haraka kuliko wote. Kumbe siri yake ilikuwa moja tu: aliruka. Alisoma mwanzo wa habari, akachungulia mwisho, na katikati akabuni mwenyewe. Mara nyingi alibuni sawasawa.

Jumamosi moja asubuhi, Mjomba Jamaldini, mdogo wake Mama, alifika amevaa kanzu iliyopigwa pasi hadi ikakaribia kusimama yenyewe. Siku hiyo ukoo ulikuwa unapeleka barua yake ya posa huko Nkoaranga, naye alitaka kukodi gari.

"Siwezi kushuka kwa wakwe kutoka kwenye bodaboda, dada," alisema. "Kodi ya siku ninayo. Kilichopungua ni dhamana. Laki mbili tu."

Mama aliingia chumbani, akatoka na bahasha ya kaki. Najat aliifahamu vizuri bahasha ile. Ndani yake mlikuwa na pesa ya tranka na godoro lake la kwenda kidato cha kwanza mwezi Januari.

"Itarudi leo leo jioni," Mjomba aliapa.

"Na isiporudi, Mjomba?"

"Utalalia kanzu yangu."

Ofisi ya magari ilikuwa Themi, chumba kimoja chenye meza moja na kijana mmoja, Philemoni, aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Kwa kuwa dhamana ilikuwa ya Mama, mkataba uliandikwa kwa jina lake. Philemoni alimsogezea karatasi mbili, kisha akafungua kikopo cha wino.

"Mambo ya kawaida tu, mama. Weka dole hapa."

"Dole nimelistaafisha mwaka jana," Mama alisema, akavuta kiti. "Nitasoma."

Akasoma. Nje, gari jeupe aina ya Noah lilingoja juani, na ndani yake wazee watatu wa ukoo walijipepea kwa maboksi ya zawadi. Kidole kilipofika kwenye kifungu kinachosema kwamba kila mkwaruzo mpya utakatwa kwenye dhamana, Mama aliinuka, akatoa daftari lake la darasani kwenye mkoba, akaanza kulizunguka gari.

"Bampa la nyuma, mkwaruzo mmoja, urefu wa kijiko," alitamka huku akiandika kwa herufi kubwa za mviringo. "Mlango wa kushoto, umebonyea, ukubwa wa kitumbua."

Alipata alama kumi na moja. Alihakikisha kuwa tairi la akiba lipo, akamwambia Mjomba apige picha mshale wa mafuta, kisha akamtaka Philemoni atie sahihi kwenye daftari. Philemoni alilazimika kuvua miwani ili aone anatia sahihi jambo gani, na alipoliona hakufurahi.

Najat alijificha nyuma ya Mjomba. Alitamani watu wadhani kwamba hamjui mwanamke yule anayepima gari kwa vijiko.

"Dada, wakwe watatung'ata!" Mjomba alilalamika.

"Bado ukurasa wa pili."

"Mpe Najat! Si ndiye bingwa wa kusoma?"

Mama alimtazama binti yake kwa fahari, akampa karatasi. Najat alisoma mstari wa kwanza: gari lirudi na mafuta kiasi kilekile. Akachungulia wa mwisho: sahihi ya mteja.

"Tayari. Ni mafuta tu."

"Umesoma yote?"

"Yote, Mama."

Mama aliandika jina lake taratibu, herufi ya kwanza akaivisha kofia pana, kisha akamkabidhi Najat nakala aitunze.

Kupanda Nkoaranga si mchezo mvua ikiwa imenyesha. Mahali fulani kati ya migomba na kahawa, Noah ilikoroma, ikateleza, ikagoma. Wazee walishuka wakasukuma. Mjomba naye alishuka aone tatizo, akaliona kwa karibu kuliko alivyokusudia, maana alitoka kwenye tope akiwa na kanzu ya rangi mbili.

Mzee Abdulsalam, baba wa binti anayeposwa, alikuwa amesimama mlangoni akitazama yote hayo.

"Shikamoo, mzee," Mjomba alisema, akificha pindo la kanzu.

"Marahaba. Mmekuja na gari, au gari limekuja nanyi?"

Barua haikufunguliwa upesi. Kwanza Mzee Abdulsalam alitaka kujua ukoo wa Mjomba, akaanzia kwa babu wa babu. Chai ililetwa, ikaisha, ikaletwa tena. Kwa uchovu, Najat alianza kujipepea kwa mkataba. Maneno yakapita mbele ya pua yake, yakaenda, yakarudi: "...saa kumi na mbili kamili jioni..."

Aliacha kupepea. Kifungu cha tisa kilisema: "Gari likirejeshwa baada ya saa kumi na mbili kamili jioni, mteja atapoteza dhamana yote."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika ishirini, na Mzee Abdulsalam alikuwa bado kwa baba wa babu.

Najat aliliona godoro lake likiondoka bila yeye. Angeweza kunyamaza, na jioni lawama zote zingemwangukia Philemoni. Lakini akinyamaza, bahasha ya kaki hairudi. Alisimama katikati ya wazee.

"Mama, nilidanganya. Sikusoma ukurasa wa pili. Tunatakiwa kurudisha gari kabla ya saa kumi na mbili, la sivyo pesa yote inakwenda."

Kikombe cha Mzee Abdulsalam kilisimama njiani. Mjomba alibaki mdomo wazi, na ndani yake nusu ya andazi. Mama hakupaza sauti.

"Usome sasa. Wote. Kwa kidole."

Najat akausoma ukurasa mzima mbele ya wazee, neno kwa neno, kidole kikitangulia.

Alipomaliza, Mzee Abdulsalam alimgeukia Mjomba. "Jamaldini, ukoo wenu una mtu anayesoma, na una mtu anayekiri kosa. Wewe una nini?"

Mjomba alijitazama. "Mimi nilikuwa na kanzu, mzee."

Nyumba nzima ikacheka, Mzee Abdulsalam kuliko wote. "Leteni barua! Mababu hawana haraka, tutawamalizia siku nyingine."

Saa kumi na moja kasorobo walikuwa njiani, posa imepokelewa. Walipofika barabara kuu, Mjomba alitaka kukanyaga mafuta.

"Kifungu cha sita," Mama alisema. "Faini za barabarani ni za mteja." Mjomba akainua mguu.

Karibu na Themi walisimama kujaza mafuta, Mjomba akishika picha ya simu kando ya mshale hadi vikafanana. Walikata kona ya ofisi zikiwa zimebaki dakika saba.

Philemoni alitazama saa, akasikitika, kisha akaanza kulizunguka gari.

"Huu mkwaruzo wa bampa ni elfu hamsini."

"Namba moja," Mama alisema, daftari mkononi. "Urefu wa kijiko."

"Na huu mlango?"

"Kitumbua. Namba mbili. Sahihi hii ni ya nani, baba?"

"Sawa, mama. Lakini tope hili?"

"Kifungu cha nane," Najat alidakia, kidole chake kikiwa chini ya mstari. "Kuosha gari ni kazi ya mwenye gari."

Philemoni alivaa tena miwani yake ya jua, akahesabu laki mbili.

Walirudi Sekei kwa miguu.

"Mama, ulijuaje kwamba mkataba ule una mitego?"

"Sikujua. Nimejifunza kusoma juzi tu, na mwalimu wetu hajafika kwenye somo la kuruka." Mama alisimama, akamshika bega. "Sikiliza, mwanangu. Yule kijana hakutuficha kitu, alikiandika. Sisi ndio tulioona haya kuwachelewesha watu, tukakaribia kupoteza pesa ya miezi mingi. Kabla hujatia sahihi, soma hadi mwisho, kagua kwa macho yako, andika ulichokiona. Na ukisema umesoma ilhali hujasoma, unamtia mwenzako kwenye jambo asilolijua. Lakini leo ulisema kweli wakati kweli ilikuwa bado inaweza kusaidia. Ndiyo maana Januari utalalia godoro."

"Afadhali," Mjomba alisema nyuma yao, akiinua pindo la kanzu yake. "Maana hii hailaliki tena."