Macho Huwekwa Mwisho

Rangi ya maji hukauka upesi, hasa Otonglo mwezi wa Januari. Picha ya Calvince ilikuwa na siku tatu na bado imelowa.

Lorine aligusa shavu lililochorwa. Kidole kilitoka na unyevu, na unyevu ule ulinuka matope ya ziwa. Aliomba kwa sauti ndogo, akaianika karatasi juani. Jioni aliikuta vilevile.

Calvince alikuwa mumewe. Wote wawili walikuwa wachoraji. Walichora mabango ya maduka, na picha za marehemu za kuwekwa mbele kanisani. Mwezi wa Machi ziwa lilimchukua, pamoja na simu iliyokuwa na picha zao zote. Ibada ya ukumbusho ilikuwa Jumamosi. Lorine alitaka watu wauone uso ule mara moja tena, nao ulikuwa umebaki kichwani mwake tu.

Jumatano aliacha rangi ya maji, akachukua mkaa. Alichora paji, pua na mdomo. Macho aliyaacha. Calvince alimfundisha kwamba macho ya marehemu huwekwa mwisho, baada ya familia kuomba. Alikwenda kuchemsha chai, na aliporudi mdomo aliouchora ukiwa umefungwa ulikuwa wazi.

"Mama," alimwita mama mkwe wake, Adongo. "Ni wewe umegusa hii?"

Adongo alisimama mlangoni, hakuingia. "Mimi nishike makaa na sare ya kanisa?" Kisha akanusa, na sauti yake ikashuka. "Nyathina, binti yangu, ile rangi ya kwanza ulichanganya na maji gani?"

Lorine aliweka kikombe cha chai chini. "Ya ziwa. Nilichota pale alipozama. Nilitaka awe ndani ya picha."

"Kitu kimeingia, kweli," Adongo alinong'ona. "Lakini si mwanangu."

Alhamisi Lorine alichukua ubao na rangi ya mafuta, kwa kuwa mafuta na maji hayapatani. Alichora tangu asubuhi, mlango wazi, jua likiingia. Saa nane harufu ya matope ilijaa chumba, na kutoka ndani ya ubao, mahali alipoacha matundu mawili matupu ya macho, ikaja sauti aliyokuwa ameingoja miezi kumi, na kile kikohozi chake kidogo cha kuanzia maneno, ikisema, "Nipe macho, Lorine, ni mimi, nimechoka na giza," naye akainua brashi yenye rangi nyeusi, akaisogeza hadi ncha ikakaribia kugusa, na hapo ndipo alipoona kwenye shavu kivuli ambacho yeye hakukiweka.

Alisimama. Alikitazama kivuli kile kama anavyotazama kazi ya fundi mwingine.

"Hiki kivuli umeweka wewe?"

"Nimeweka mimi. Mume wako."

"Mume wangu alichora kwa mkono wa kushoto. Mistari yake ililala upande ule mwingine." Lorine aliweka brashi chini. "Hata kuiba hujui. Calvince yuko kwa Mungu, na macho yake sikupi."

Kikohozi kilikatika. Sauti iliyofuata haikuwa ya mtu yeyote. "Basi uso wake hutauona tena."

Aliamini. Hata hivyo alimwaga tapentaini ya kuyeyushia rangi juu ya uso ule, akachukua kisu cha kukwangulia rangi, akakwangua paji, pua, na mdomo alioupenda, akilia na kuomba Baba Yetu polepole, mpaka ikabaki mbao tupu.

Ijumaa alichora juu ya ubao uleule. Hakutafuta mwingine. Alimchora Calvince kwa nyuma, akiwa kazini: shati la kijani, kisogo, mabega, mkono wa kushoto umeinuliwa na brashi.

Jumamosi Adongo aliitazama picha kwa muda mrefu mbele ya kanisa. "Ni yeye," alisema. "Hata nikimwita kula alikuwa ananipa mgongo hivyohivyo."

Walipofika ubeti wa tatu wa wimbo, harufu ya matope ilipanda, na waliokaa kiti cha mbele wakasikia kitu ndani ya ubao, kidogo, kikibembeleza.

"Geuka. Geuka."

Adongo alimshika mkwewe mkono. Lorine aliinama karibu na picha.

"Hatageuka," alisema. "Ana kazi."

Akainuka, akadakia wimbo pale wenzake walipokuwa wamefika.